Barabara ya Kijiji Ipitike Masika, na Faida Yake Ifike Nyumbani

Gunia la viazi likiwa shambani Uporoto mwezi wa pili halina bei. Bei linaipata likifika Uyole, kando ya barabara kuu jijini Mbeya. Katikati kuna kilomita chache za udongo wenye utelezi, na hizo ndizo zinazoamua kama mkulima atachagua mnunuzi au mnunuzi atamchagua yeye.

Mwongozo huu ni wa halmashauri za vijiji, kamati za barabara na vikundi vya wakulima wa Mbeya, Songwe, Njombe na Iringa. Unahusu mambo mawili: barabara ya udongo ipitike miezi yote 12, na kijiji kijue kwa namba kama barabara hiyo inawafaidisha watu au inapita tu mbele ya milango yao. La pili husahaulika, na huku kwetu lina ushahidi mchungu. Barabara kuu ya TANZAM, iendayo Zambia, ina lami tangu miaka ya 1970, reli ya TAZARA inapita Makambako na Mbeya, na mikoa hii inailisha nchi mahindi, mchele na viazi. Pamoja na hayo, utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta udumavu wa watoto wa chini ya miaka 5 ukiwa takriban asilimia 57 Iringa na 50 Njombe, wakati wastani wa taifa ni 30. Gari kupita ni nusu ya kazi tu.

Anzeni na daftari, jembe baadaye

Nunueni daftari gumu la kurasa 96. Chagueni siku mbili za kupima: moja katikati ya Februari mvua ikiwa imekolea, nyingine Agosti. Siku zote mbili pimeni vitu vilevile, kutoka kitongoji kilekile kilicho mbali kuliko vyote.

Kwanza, nauli ya gunia. Ulizeni madereva watatu wa Canter au Fuso na watatu wa pikipiki: gunia moja kutoka hapa hadi kwenye lami ni shilingi ngapi leo? Kwa kila kundi andikeni jibu la katikati, si la juu wala la chini. Msiandike wastani, kwa sababu dereva mmoja mwenye kutaja bei ya kukomoa ataupotosha.

Pili, dakika za kufika zahanati, kwa miguu na kwa pikipiki. Kipimo cha kimataifa cha kufikika kwa vijiji huhesabu watu wanaoishi ndani ya kilomita 2 za barabara inayopitika mwaka mzima. Kwa nchi tambarare kinafaa. Kwenye mabonde ya Rungwe na Makete, kilomita 2 za ramani zinaweza kuwa na korongo katikati, kwa hiyo andikeni dakika.

Tatu, mahudhurio ya shule. Mwombeni mwalimu mkuu idadi ya waliohudhuria wiki hiyo kwa kila darasa. Tofauti ya Februari na Agosti haitokani na barabara peke yake, maana Februari pia kuna palizi, lakini mkiitenga kwa kitongoji mtaona haraka watoto wa ng'ambo ya kijito wanavyopungua mvua zikizidi.

Hivyo vitatu vimechaguliwa kwa makusudi. Tangu 1990 Umoja wa Mataifa hupima maendeleo ya watu kwa afya, elimu na kipato. Kijiji hakiwezi kukokotoa faharisi ya nchi, ila kinaweza kuuliza maswali yaleyale matatu kwa kipimo chake.

Sasa fanyeni hesabu ya hasara. Namba zifuatazo ni mfano wa kukokotoa, wekeni zenu. Tuseme Agosti gunia kufika kwenye lami ni 4,000, na Februari ni 9,000 kwa sababu gari haliingii na pikipiki hubeba gunia mojamoja. Tofauti ni 5,000. Kama kijiji huvuna magunia 12,000 kwa mwaka na theluthi yake hutoka shambani wakati wa mvua, ni magunia 4,000 mara 5,000, yaani shilingi milioni 20 zinazoachwa kwenye tope kila mwaka. Hapo hamjahesabu viazi vilivyooza vikingoja gari, wala jani bichi la chai lililopata joto ndani ya mifuko likakataliwa kiwandani, wala parachichi lililogongwagongwa njiani na kuoza kwa ndani huku ganda lake likionekana zima. Mkiitaja namba hiyo kwenye mkutano wa kijiji, mjadala wa nani atakuja na jembe Jumamosi unakuwa mfupi.

Tembeeni barabara mvua ikinyesha

Ukaguzi wa kiangazi hudanganya. Barabara nzima huonekana nzuri, na watu huishia kuchagua kipande kilicho karibu na ofisi ya kijiji. Tokeni mvua ikinyesha, watu wanne au watano, na vigingi vya mti, panga, tepu ya mita 30 na karatasi iliyowekwa kwenye mfuko wa nailoni. Kila mahali penye tatizo pigeni kigingi chenye namba na andikeni maji yanafanya nini: yamesimama katikati, yanatiririka kwenye alama za matairi, yanakatiza kutoka upande wa juu, au yanabubujika kwenye ukingo kama chemchemi.

Mkimaliza jumlisheni urefu wa maeneo korofi. Mara nyingi barabara ya kilomita 5 inafungwa na mita 300 au 400 tu: mlima mmoja, tambarare moja ya tope na kijito. Hapo ndipo pesa na nguvu zote ziende kwanza. Kijiji kinachotandaza changarawe kidogo kidogo kwenye kilomita zote 5 kitabaki na barabara iliyofungwa palepale ilipofungwa mwaka jana, maana lori halihitaji wastani mzuri. Linahitaji pasiwepo mahali hata pamoja pa kulizuia.

Angalieni pia aina ya udongo. Wa volkano wa Rungwe na Uporoto ni mwepesi: unachimbika bila shida, na maji nayo huuchimba bila shida. Mtaro wa mlimani usio na vizuizi unaweza kuwa korongo kwa msimu mmoja. Udongo mwekundu wa mfinyanzi wa Mufindi na Njombe hauondoki haraka, lakini ukilowa unateleza kama sabuni na kukaa na maji siku nyingi. Huko adui mwingine ni kivuli. Milingoti na misindano iliyopandwa hadi ukingoni huzuia jua na upepo, na barabara iliyo chini yake hubaki na tope siku kadhaa baada ya barabara ya jirani kukauka. Kukata safu moja au mbili za miti upande wa jua la asubuhi kunasaidia kuliko malori kadhaa ya kifusi, ila zungumzeni na mwenye shamba mapema. Mbao ni akiba yake.

Maji kwanza: mgongo, mitaro na njia za kutokea

Barabara ya udongo ni paa. Paa likiwa tambarare linavuja. Ikiwa upana wa kupita magari ni mita 4, katikati pawe juu kuliko ukingo kwa sentimeta 16, yaani mteremko wa asilimia 8 kila upande. Watu wengi huona ni mwinuko mkubwa kupita kiasi. Siyo, magari yataushindilia na kuushusha. Ukifika chini ya asilimia 4, sentimeta 8 kwa upana huo, maji huanza kukaa na ukarabati unahitajika.

Tengenezeni kipimo chenu. Chukueni ubao ulionyooka wa mita 2 na mpigilie mguu wa sentimeta 16 kwenye ncha moja. Ulazeni kukatisha barabara, ncha isiyo na mguu ikiwa katikati ya barabara na mguu ukiwa ukingoni, kisha wekeni pima maji juu yake. Povu likitulia katikati, mgongo uko sawa. Likikimbilia upande wa mguu, mgongo umeshuka na katikati panahitaji udongo.

Mtaro wa pembeni uwe na sakafu ya sentimeta 50 na kina kama hicho, kuta zikiwa zimelala kidogo. Umbo la V linalochongwa kwa jembe kwa haraka hukusanya maji kwenye ncha na kuchimbika. Sakafu iteremke angalau asilimia 2, la sivyo matope yatatua humo. Kupima mteremko hamhitaji vifaa vya mhandisi: tumieni mpira mwangavu wa maji, ule ambao mafundi uashi husawazishia msingi. Watu wawili wasimame mita 10 mbali, kila mmoja na fimbo yenye alama za sentimeta. Tofauti ya usawa wa maji kwenye fimbo mbili ikiwa sentimeta 50, mteremko ni asilimia 5.

Kuanzia asilimia 4 hivi kwenda juu, wekeni vizuizi vya mawe au vigingi vya miti ndani ya mtaro ili maji yashuke kwa ngazi. Kwa asilimia 5 vikae kila mita 13, kwa asilimia 8 kila mita 7, kwa asilimia 10 kila mita 5. Katikati ya kizuizi pawe chini kuliko mabega yake kwa sentimeta 20 hivi. Kikiwa kimenyooka juu, maji yatakizunguka na kula ukingo wa barabara, na hilo ndilo kosa linaloonekana kuliko yote kwenye vizuizi vya kujitolea. Chini yake tandazeni mawe kidogo pale maji yanapoangukia.

Kazi yenye faida kubwa kuliko zote kwa jasho linalotumika ni mitaro ya kutolea maji, ile inayochepuka kutoka mtaro wa pembeni na kuyapeleka maji shambani au bondeni. Ichimbeni kila mita 20 hadi 50 pale ardhi inaporuhusu, na msivuke mita 100 bila mmoja. Ichepuke kwa pembe ya kama nyuzi 30 hadi 45. Ukiuchepusha kwa nyuzi 90 maji hupunguza mwendo ghafla, yanaacha mchanga kwenye kona, na mtaro unaziba mvua ya tatu. Halafu kuna kitu kidogo ambacho wachimbaji husahau: kizibo. Mara tu baada ya mchepuko, zibeni mtaro wa pembeni kwa udongo ulioshindiliwa na mawe. Bila kizibo maji yanaupita mchepuko wenu mzuri na kuendelea na safari yao.

Kabla ya kuchimba, kaeni na mwenye shamba. Maji ya mita 100 za barabara yakimwagwa kwenye tuta la viazi la mtu, mtaro utazibwa usiku na hamtajua ni nani. Gaweni maji katika michepuko mingi midogo, yaelekezeni kwenye majani au migomba, na mwisho wa mtaro pandeni matete au majani ya Guatemala. Mwenye shamba akikataa kabisa, msogeze mchepuko mita 10 juu au chini. Mara nyingi tatizo ni mahali tu.

Udongo unaotoka mtaroni mnautupa wapi? Upande wa nje, mbali na barabara. Tope na mizizi ya nyasi ikirushwa katikati ya barabara inageuka uji mvua ya kwanza. Ikiachwa ukingoni inakuwa tuta linaloyafungia maji barabarani. Barabara nyingi zinazoitwa mbovu zina tuta hilo la nyasi pande zote mbili, wakati mwingine la sentimeta 10 tu. Likatwe lote kwa jembe, na kabla hamjaagiza kifusi ngojeni mvua mbili tatu muone.

Kalavati lisiwe dogo kuliko kipenyo cha sentimeta 60. La sentimeta 40 ni rahisi kununua na haliwezekani kusafishwa, kwa kuwa mtu hapiti. Lilazwe kwa mteremko wa asilimia 3 hadi 5 lijisafishe lenyewe, na juu yake pawe na angalau sentimeta 45 za udongo ulioshindiliwa, la sivyo lori lenye mzigo litalipasua. Kagueni upande wa kutokea kuliko wa kuingilia, kwa sababu ndiko maji yanakochimba shimo, kisha ukuta wa mwisho unainama, kisha pingili ya mwisho inaanguka. Zulia la mawe makubwa lenye urefu wa mita 1 hadi 1.5 huzuia hayo yote.

Kuziba mashimo na kuweka changarawe

Shimo halizibwi likiwa na maji. Kateni kingo zake ziwe wima na umbo la mraba, toeni tope hadi mfikie udongo mgumu, nyunyizieni maji kidogo, jazeni changarawe kwa tabaka zisizozidi sentimeta 10, kila tabaka ishindiliwe kabla ya nyingine. Malizieni sentimeta 3 juu ya usawa wa barabara. Kishindilio cha mkono hutengenezwa kwa kopo la rangi la lita 4 lililojazwa zege na kuchomekwa mpini. Lina kilo kama 9, zinatosha. Matofali mabovu, majani na mawe makubwa kama kichwa havifai. Jiwe kubwa halishikani na wenzake, tairi hulizungusha, na shimo linarudi likiwa pana zaidi.

Changarawe nzuri ina mawe yasiyozidi sentimeta 5, mchanga, na udongo kidogo wa kuyashikisha. Chukueni konzi moja yenye unyevu, mfinyange. Donge likishikamana na kuvunjika kwa kulibonyeza kidole, inafaa. Likinyooka kama unga wa maandazi, lina mfinyanzi mwingi na litateleza. Likimwagika kama mchanga, kiangazi kitalifanya vumbi.

Kiasi chake ni hivi: upana wa mita 4, unene wa sentimeta 15 baada ya kushindiliwa, kwa mita 100 ni mita za ujazo 60. Kabla ya kushindiliwa ongezeni asilimia 30, mnapata 78. Tipa la mita za ujazo 7 litakwenda safari 11 au 12. Kwa maeneo korofi ya mita 400 ni safari kama 45. Kwa kilomita zote 5 zingekuwa zaidi ya 550. Hesabu hiyo pekee inatosha kuwanyamazisha wanaotaka barabara yote iwekwe kifusi mwaka huu.

Kwenye mlima unaozidi asilimia 10 hadi 12 changarawe haikai hata mkiiweka kila mwaka. Hapo tandikeni mawe, au jengeni njia mbili za zege za matairi, kila moja upana wa sentimeta 90 na unene wa 15 hadi 20. Ludewa, kipande cha Lusitu hadi Mawengi cha kilomita 50 kilijengwa kwa zege, kwa sababu ya milima na mvua za huko. Kijiji hakihitaji kilomita 50. Mita 60 za zege kwenye kona moja zinaweza kufungua kata nzima.

Wakati gani? Hapa vijiji vingi hukosea. Husubiri Oktoba, ardhi ikiwa kavu kama unga, wanachonga mgongo wa vumbi na mvua ya Novemba inauondoa wote. Kuchonga na kushindilia kufanyike Mei na Juni, mvua zikiwa zimekatika na ardhi bado ina unyevu wake. Oktoba na Novemba ni za kufyeka, kuzibua mitaro na makalavati. Masika yenyewe ni ya doria: mtu mmoja na jembe kila baada ya mvua kubwa, azibue jani lililoziba kalavati kabla halijaalika matawi.

Kwa makisio ya watu: mtaro uliojaa kidogo, mtu mmoja huzibua mita 40 hadi 60 kwa siku, uliojaa nusu, 20 hadi 30. Kilomita 3 zenye mitaro pande zote mbili ni mita 6,000, siku-watu 150 kwa mwendo wa mita 40. Kaya 75 zikitoa siku mbili mbili, imekwisha. Gaweni kwa mita na si kwa saa. Aliyemaliza mita zake aende shambani kwake. Mtaona watu wanavyowahi kufika.

Malori baada ya mvua

Fuso lililojazwa viazi kupita kiasi, likiwa na minyororo kwenye matairi ya nyuma, linaweza kufuta kazi ya wiki nzima katika safari moja. Wahandisi wana kanuni, iliyotokana na majaribio ya lami Marekani, kwamba uharibifu hukua kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli: ekseli ya tani 10 huumiza kama mara 16 ya ile ya tani 5. Kwenye udongo uliolowa hali si nafuu.

Kubalianeni na ofisi ya wilaya ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, kuhusu kizuizi cha mvua, kikiwa na sheria ndogo iliyopitishwa kihalali: baada ya mvua kubwa, magari mazito yangoje hadi barabara ikauke juu. Gari la wagonjwa na pikipiki zipite. Bila sheria ndogo mlinzi wa mti wa kizuizi atakuwa wa kula rushwa tu, na mti utainuka kwa mwenye pesa. Wapeni madereva taarifa mapema, maana dereva aliyelala njiani na mzigo mbichi ana haki ya kulalamika.

Barabara ni ya nani, na barua iandikweje

Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS, wakala wa barabara wa taifa. Za wilaya, yaani za mkusanyo, mlisho na za jamii, ni za TARURA, iliyoanza kazi 2017. Pesa za matengenezo hutoka zaidi Mfuko wa Barabara, unaojazwa na tozo ya mafuta. 2021 iliongezwa shilingi 100 kwa lita kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini. Swali la kwanza la kuuliza ofisini ni kama barabara yenu imo kwenye orodha rasmi. Kama haimo, malalamiko hayatasaidia kitu mpaka iingizwe.

Njia ni mkutano mkuu wa kijiji, kisha kamati ya maendeleo ya kata, kisha wilayani. Mwaka wa fedha huanza Julai 1 na makisio huandaliwa miezi mingi kabla, kwa hiyo barua ya Mei imechelewa. Ifike Oktoba. Iwe ukurasa mmoja: jina la barabara na urefu, maeneo korofi kwa namba za vigingi na mita, kazi iliyofanywa na wananchi kwa siku-watu, nauli ya gunia Februari na Agosti, dakika za zahanati, na kitu kimoja mnachoomba. Kimoja. Barua inayoomba lami, daraja, makalavati sita na taa za barabarani husomwa kama risala. Anayeomba "kalavati moja la sentimeta 90 kwenye kigingi namba 7, mawe na nguvukazi tunavyo" anampa mhandisi kitu cha kuingiza kwenye makisio.

Ulizeni pia kuhusu vikundi vya kijamii vinavyopewa kazi za matengenezo ya kawaida kama kufyeka na kuzibua mitaro. Malipo hayo yanabaki kijijini. Mbeya kuna chuo cha serikali kinachofundisha ujenzi wa barabara kwa nguvukazi, na vijana wawili wenye mafunzo hayo wanabadilisha kikundi kizima.

Barabara imepona, nani amefaidi?

Februari inayofuata pimeni tena. Nauli ikishuka kutoka 9,000 hadi 5,000 na bei ya gunia shambani isipande, zile 4,000 zimeingia mfukoni mwa mnunuzi. Hilo hutokea pale dalali ni mmoja. Dawa yake iko nje ya barabara: kikundi kiuze pamoja, kiite wanunuzi zaidi ya mmoja kwa siku moja, kinunue mizani na kukataa lumbesa. Sheria ya vipimo inakomea kilo 100 kwa gunia. Gunia la kilo 130 ni kumpa mtu kilo 30 na kumshukuru.

Kwenye afya, angalieni kwa zahanati: wangapi wamejifungulia nyumbani au njiani kati ya Januari na Aprili, na ni siku ngapi dawa zilichelewa. Muuguzi atoe jumla tu, bila majina. Wataalamu wa uzazi hutaja ucheleweshaji wa aina tatu unaoua: kuamua kwenda, kufika, na kuhudumiwa. Barabara hutibu ule wa katikati peke yake. Bandikeni kila kitongoji namba 115 ya M-mama, isiyo na malipo, inayomtafutia mjamzito au kichanga mwenye dharura gari la wagonjwa au dereva wa jamii, na hakikisheni madereva wa kijiji wameandikishwa humo.

Barabara nzuri huja na wageni na mwendo kasi. Njombe umeongoza kwa maambukizi ya VVU katika tafiti za kitaifa zilizofuatana, kwa hiyo siku ya gulio jipya iwe pia siku ya upimaji. Karibu na shule wekeni matuta ya kupunguza mwendo, ila yaishie kabla ya mtaro. Tuta linaloziba mtaro ni bwawa.

Kuhusu udumavu: gari likianza kufika mlangoni, maziwa, mayai, maharage na parachichi huondoka alfajiri, na watoto hubaki na ugali na viazi vilivyokataliwa na dalali. Mama aliyekuwa akiuza kidogo sasa anavuna siku nzima, na mtoto wa miezi minane ananyonya mara mbili. Kwa hiyo ongezeni mistari miwili kwenye daftari. Wa kwanza: katika kaya 20 zenye watoto wa chini ya miaka 2, ni ngapi jana zilimpa mtoto yai, maziwa, maharage au dagaa? Wa pili: watoto wangapi kwenye siku ya kliniki wana urefu ulio chini ya umri wao? Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anavipata vyote kwa siku moja. Namba hizo zikisimama palepale huku nauli ikishuka, ajenda ya mkutano ujao iwe kilichopakiwa na kilichobaki jikoni: lita ngapi za maziwa na trei ngapi za mayai kila kaya iache kabla ya gari kuondoka, na nani atawashika watoto wakati wa mavuno.

Daftari liwe na nakala mbili, moja kwa mtendaji wa kijiji na moja kwa mwalimu mkuu. Watendaji huhamishwa, na mara nyingi daftari huhama nao kwenye begi. Ukurasa wa Agosti uandaliwe mapema, majina ya madereva na kitongoji vikiwa vimeshaandikwa, ili atakayekuwepo ajaze tu.